Magauni ya Wapambe: Kitambaa Kiwe Kimoja, Mshono Aachiwe Kila Mmoja

Wateja wengi wanaofika kwenye chumba chetu cha ushonaji hapa Kariakoo huja na picha kwenye simu, ambayo inaonyesha wapambe sita waliovaa gauni la mshono mmoja, na wote sita wana kimo kimoja na kiuno kimoja. Picha hiyo inapendeza kwa sababu waliopigwa ni wanamitindo waliochaguliwa wafanane. Wapambe wa bibi harusi hawakuchaguliwa kwa maumbo yao. Mmoja ni mdogo wake wa tumbo moja, mwingine walilala naye bweni moja shuleni, wa tatu ni wifi mtarajiwa, wa nne ananyonyesha. Ukiwashonea wote gauni la mabega wazi linalobana hadi magotini, wawili watatoka vizuri na waliobaki watashinda siku nzima wakilivuta juu kifuani.

Ushauri wetu kwa bibi harusi na kamati yake ni kwamba kitambaa kiwe kimoja, na mshono aachiwe kila mpambe ndani ya mipaka mliyokubaliana. Jambo hili si geni kwetu. Wanawake wa pwani na bara wamekuwa wakinunua kitambaa cha sare kwa ajili ya shughuli, kisha kila mmoja akampelekea fundi wake ashone anavyopenda, na ukumbini bado wakaonekana kundi moja, kwa kuwa jicho huona rangi kabla halijaona shingo wala mikono ya gauni. Harusi za kisasa zinazosifiwa kwa mishono tofauti zinafuata njia hiyo hiyo.

Hata hivyo, njia hii ina sharti ambalo likivunjwa huharibu kazi yote: kitambaa chote kitoke kwenye jora moja au, ikishindikana, kwenye majora yaliyotiwa rangi pamoja. Viwanda hutia rangi kwa mafungu, na fungu la leo halilingani kabisa na la mwezi uliopita hata kama namba ya rangi iliyoandikwa kwenye lebo ni ile ile. Mpambe aliyeko Mwanza akinunua kitambaa chake cha rangi ya damu ya mzee, wa Arusha akanunua yake, na wa Dar es Salaam naye yake, katika kundi la WhatsApp zote zitaonekana sawa, kwa sababu kila kioo cha simu hubadilisha rangi kwa namna yake. Tofauti itajitokeza watakaposimama bega kwa bega juani, nje ya kanisa, mbele ya mpiga picha, na hapo hakuna fundi anayeweza kusaidia. Kwa hiyo mtu mmoja anunue vyote siku moja, akate, na kila mpambe wa mkoani atumiwe kipande chake kwa basi.

Kiasi cha kununua hutegemea upana wa kitambaa na mshono. Gauni refu la kawaida, kwa kitambaa cha upana wa inchi 58 hadi 60, huchukua takriban yadi 3 na nusu hadi 4; kitenge, ambacho huwa na upana wa inchi 44 hadi 46, huhitaji zaidi, na pisi ya yadi 6 kwa kawaida hutosha. Marinda mengi au sketi ya duara huongeza kiasi hicho sana, ndiyo maana tunaomba mishono iamuliwe kabla ya kwenda dukani. Kitenge cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa hurudi, yaani hupungua kikilowa.

Kuhusu aina ya kitambaa, tunapendelea krepu, kitambaa kisichong'aa, iliyo nzito kidogo, kuliko satini. Satini inang'aa vizuri mkononi, lakini kwa joto la Dar es Salaam la Desemba hadi Februari huonyesha jasho kwapani na mgongoni, na mwanga wa kamera hupiga madoa meupe tumboni na kwenye nyonga. Anayeitaka satini aishone kwa mshono usiobana, na fundi akate vipande vyote kwa mwelekeo mmoja, maana kikigeuzwa kimoja huonekana kama rangi nyingine. Mahameli nayo ina kanuni hiyo hiyo, na inafaa zaidi kwa harusi ya Moshi au Arusha mwezi wa Julai.

Wapo wanaotaka rangi zipishane, kwa mfano kutoka pichi hadi rangi ya kutu. Inapendeza sana, ilimradi hatua kati ya rangi moja na nyingine ionekane wazi. Rangi mbili zinazokaribiana mno humfanya mtazamaji adhani mlikusudia zifanane mkashindwa. Kabla ya kulipa, toeni kitambaa nje ya mlango wa duka, kiwekeni chini ya kidevu cha kila mpambe anayeweza kufika, kisha kiangalieni tena chini ya taa, kwa kuwa taa za bluu na zambarau za ukumbini hugeuza kijani na maruni kuwa karibu nyeusi.

Mipaka ya mshono iwe michache: urefu wa gauni uwe mmoja, na mabega yafunikwe ikiwa kanisa lenu linadai hivyo, ama kwa mikono ya gauni ama kwa mtandio wa kitambaa kile kile. Matroni anaweza kutofautishwa kwa mshono tu.

Vipimo tunavichukua wiki 6 hadi 8 kabla ya harusi, na majaribio hufanyika wiki 2 kabla. Pindo hukatwa mwisho, mpambe akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Mjamzito na watoto wa maua hupimwa baadaye kuliko wote. Mpambe anayeishi Muscat au Ulaya apimwe na fundi wa huko, asijipime mwenyewe. Nasi humwachia inchi moja na nusu ya akiba ndani ya mishono ya pembeni.

Tunawaomba pia mzungumze mapema, kwa uwazi, kuhusu nani analipia kitambaa na nani analipia ufundi. Tumeona mpambe akikaa kimya kwenye kundi wiki nzima kwa sababu hana fedha na anaona aibu kusema, na ukimya huo huchelewesha kazi ya wenzake wote. Mkija kwetu, njooni na idadi kamili ya wapambe, jina la ukumbi na saa ya ibada au nikaha, nasi tutawashauri mnunue yadi 4 za ziada kutoka jora lile lile, kwa kuwa mpambe huongezeka mara nyingi baada ya kitambaa kukatwa, na hata asipoongezeka, tai na vitambaa vya mfukoni vya wapambe wa kiume vitatoka humo.