Tumu, Bobi asichukuliwe kwanza

Tumu dada yangu, kamwene! Za huko Dar, joto likoje? Sisi wazima, Mama anakusalimia sana, baridi ya Mafinga unaijua mwenyewe, ukungu mpaka saa tatu asubuhi. Mahindi tumeshavuna. Ya Shemeji nitakupigia, siyo ya kuandika.

Naandika kwa sababu ya ile voisi yako ya juzi, nimeisikiliza nikairudia na nimeshindwa kuiacha hivihivi. Umesema Baba Upendo amchukue tu Bobi akalinde shamba kule Sao Hill, kwamba mbwa hana kalenda, kwake jana na mwaka jana ni kitu kimoja na wewe ameshakusahau. Tumu, hapana. Mimi ndo naishi naye.

Kila siku ikikaribia saa kumi na moja, ule muda uliokuwa unarudi kutoka kiwandani, anaacha chochote anachofanya, hata kama nimemwekea ugali wake wa pumba na utumbo, anakwenda getini anakaa upande wa mparachichi ili aione barabara. Bodaboda ikipunguza mwendo masikio yanasimama yote mawili, ikipita anashusha pua juu ya miguu ya mbele. Giza likiingia kabisa ndo anarudi kula. Mama alidai anafuata wanafunzi tu, akiwaona wanatoka shule anajua muda umefika, lakini likizo ya Juni hamna mtoto aliyepita na Bobi alikwenda vilevile. Sasa huyo utasema hana saa?

Nilimuuliza daktari wa mifugo aliyekuja kumchoma chanjo ya kichaa, tukaongea mpaka chai ikapoa, mengine nikasoma mwenyewe usiku kwenye simu. Mwili wa mbwa una saa yake ndani inayofuata mwanga na giza, kama wetu tu. Yule Pavlov wa Urusi tuliyemsoma chuoni, kwenye maabara yake mbwa alilishwa kila baada ya nusu saa, ikafika hatua ile nusu saa ikikaribia kutimia mate yanamtoka hata chakula kisipoletwa. Hamna kengele hapo, hamna mtu kaingia, ni muda wenyewe umepita na mwili umeuhesabu. Na Sweden walichapisha utafiti mwaka 2011, mbwa 12 waliachwa peke yao nyumbani, mara nusu saa, mara masaa mawili, mara manne. Baada ya masaa mawili walimpokea mwenyewe kwa nguvu kuliko baada ya nusu saa, mikia hiyo! Kati ya mawili na manne tofauti haikuonekana, kwa hiyo siwezi kukwambia Bobi anajua umeondoka tangu mwezi wa ngapi. Ila kwamba jana na mwaka jana ni sawa, hilo nalikataa.

Kilichonikamata zaidi ni harufu. Kuna mama mmoja Marekani, Alexandra Horowitz, anafundisha Barnard College na kazi yake ni kuchunguza akili za mbwa, ana wazo kwamba mbwa anaweza kusoma muda kwa pua: ukitoka asubuhi harufu yako imejaa nyumbani, inapungua kidogo kidogo, ikifika kile kiwango ambacho kila siku ndo huwa unarudi, mbwa anakwenda mlangoni. Ni wazo, halijathibitishwa, ila nikimwangalia Bobi naliona. Ile sweta yako ya kijani uliyoiacha kwenye msumari, mwanzoni aliivuta chini akawa anailalia, ukimtoa anarudi. Siku hizi anaifuata, anaingiza pua kwenye mkono, anavuta pumzi ndefuu, anatafuta kwapani, anatafuta kwenye kola, halafu anaiacha anaondoka. Yaani umeisha humo, Tumu. Hajakusahau, anakutafuta mahali ulipokuwa na hakukuti.

Na getini bado anakwenda! Ndo maana nakuomba asichukuliwe. Baba Upendo siyo mtu mbaya, atamlisha vizuri, lakini kule hamna geti hili, hamna barabara hii, hamna hiyo saa kumi na moja yake, atakuwa amenyang'anywa kila kitu anachojulia siku. Kama ni gharama usiwaze, pumba zipo na Mama mwenyewe hataki aondoke, hasemi tu. Nifanyie kitu kimoja: vaa tisheti siku mbili tatu na hilo joto lenu, usiifue, iweke kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, wape watu wa basi la Mbeya washushe hapa Mafinga, nitaipokea stendi.

Halafu Desemba unakuja au mabosi bado hawajasema? Likizo yako inaanza lini hasa? Chumba umepata chenye feni? Bibi ulimpigia? Na Rehema mnaonana kweli au kila mtu na lwake? Haya yote unaweza kuyajibu taratibu, ila la Bobi ni la haraka, Baba Upendo anakuja na gari Jumamosi, nimwambie nini?

Wako,
Eliza