Gari la Kale Lisikimbiziwe Rangi

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapisha juu ya watu wanaofufua magari ya kale katika nyua za nyumba zao, na kwanza nawashukuru kwa kuligusa jambo ambalo kwa kawaida halipati nafasi gazetini mbele ya habari za magari mapya. Hata hivyo, makala hiyo iliieleza kazi yenyewe kana kwamba ni ya kuchagua rangi tu: gari likwanguliwe mpaka bati lionekane, lipulizwe rangi inayong'aa, kisha lipigwe picha. Mimi nimeifanya kazi ya kunyoosha bodi na kupiga rangi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ningependa wasomaji wenu wajue kwamba kupiga rangi ndiyo sehemu fupi kuliko zote katika kazi hiyo, na kwamba mwenye haraka ya kuifikia huishia kuirudia.

Swali la kwanza, ambalo makala haikuliuliza, ni kama gari linahitaji rangi mpya. Rangi iliyopigwa kiwandani ikishakwanguliwa hairudi, hata ukiipata namba yake kwenye kibao cha gari na kuichanganyisha upya, kwa sababu pamoja nayo huondoka ushahidi wa jinsi gari lilivyotengenezwa. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na likiwa halitumiki kama usafiri wa kila siku. Na Hati ya Turin, ambayo shirikisho hilo limeipitisha, inatanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kukitengeneza upya. Mwenye gari halazimiki kuifuata hati hiyo, lakini kabla ya kushika msasa hapotezi kitu akiliosha gari vizuri, akachukua kitambaa safi na dawa ya kung'arishia, akasugua sehemu ndogo isiyoonekana. Rangi nyingi za zamani hazikuwa na tabaka angavu juu yake, na zikipigwa na jua kwa miaka hutoa unga uliopauka ambao chini yake mara nyingi pana rangi nzima. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, asishtuke, kwani ndivyo rangi ya aina hiyo inavyofanya. Nimeshuhudia magari yaliyokwisha hukumiwa kukwanguliwa yakirudi kung'aa kwa kusuguliwa tu, na sioni aibu kusema kwamba mafundi wenzangu wengi hawapendi kumweleza mteja habari hiyo.

Iwapo rangi kweli imekwisha, basi adui ni kutu, na kutu haikai pale inapoonekana. Kipele kidogo kilichojitokeza juu ya rangi kwa kawaida ni mwisho wa safari iliyoanzia upande wa ndani, ambako maji yalinaswa kwa sababu tundu la kuyatolea limeziba kwa tope au majani. Mahali pa kutafuta ni vizingiti vya milango, sakafu chini ya mazulia, matao ya magurudumu, na bati lililofichwa na raba ya kioo cha mbele. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hutosha kumwonyesha mtu mahali ambapo bati limekwisha na puti, yaani uji mzito unaopakwa kusawazisha bati na kugeuka mgumu, ndiyo inayoshikilia umbo: isiponata, hapo hakuna chuma cha kutegemewa. Dawa za kutu zenye asidi ya fosforiki zinasaidia pale ambapo kutu ni ya juu juu na bati bado ni zima, lakini bati lililotoboka halina dawa ila kukatwa mpaka kwenye chuma safi na kuchomelewa kipande kipya. Anayekata vizingiti, hasa vya gari lisilo na paa la chuma, afunge kwanza vyuma vya kushikilia nafasi za milango, kwani bodi ikilegea wakati wa kuchomelea, milango haitafunga tena sawasawa na hakuna rangi itakayolificha kosa hilo. Ni vema pia asichomelee kamwe karibu na tangi la mafuta, hata likiwa tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Kila aina ya gari ina maradhi yake, na inafaa kuyajua kabla ya kununua vifaa. Volkswagen Beetle, iliyoendelea kuundwa mpaka mwaka 2003 na kuzidi magari milioni 21, huweka betri chini ya kiti cha nyuma, na asidi inayomwagika hapo huila sakafu polepole huku abiria wakiwa wamekaa juu yake. Land Rover ya zamani, iliyozinduliwa mwaka 1948 wakati chuma kilipokuwa adimu baada ya vita, ilipewa bodi ya aluminiamu, na kwa sababu hiyo wengi hudhani haina cha kuogopa. Chasisi yake ni ya chuma, nayo huoza kama chuma kingine chochote. Tena pale ambapo aluminiamu inagusana na chuma na unyevu ukaingia, ni aluminiamu inayoliwa na kugeuka unga mweupe. Tena bati la aluminiamu halifai kupigwa rangi kwa namna ya bati la chuma, kwa sababu linahitaji praima, yaani rangi ya kutangulizia, iliyo maalumu ya kulishika, la sivyo rangi itabanduka kwa mapande.

Niruhusu niseme neno juu ya vumbi, ambalo makala ililipita kimya. Rangi za magari ya zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na baadhi ya viungo vya bodi vilijazwa risasi iliyoyeyushwa kiwandani kabla puti za plastiki hazijaenea. Anayesugua kwa mashine, pakavu, katika ua ambamo watoto wanacheza, anawalisha sumu. Msasa wa maji hupunguza vumbi hilo kwa kiasi kikubwa, ila tope linalobaki likusanywe lisimwagwe, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Jambo hilohilo linahusu breki na klachi za magari ya miaka ile, ambazo nyingi zilitengenezwa kwa asbesto: vumbi lake lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Baada ya bati kuwa safi ndipo puti inapoingia, na hapo kanuni ni kwamba puti ni ya kusawazisha wala si ya kujaza. Milimita chache zinatosha. Ikizidi, bati halijanyooshwa vya kutosha. Hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito, na anayeizidisha ili ikauke upesi hupata doa linalopenya mpaka kwenye rangi ya juu. Puti haipakwi juu ya praima ya asidi, kwa kuwa asidi huzuia puti isikomae chini na baadaye ikabanduka. Juu ya praima ya epoksi inakaa vizuri. Epoksi ina faida nyingine ambayo mtu anayetengeneza gari nyumbani kwake anaihitaji kuliko fundi wa gereji, nayo ni kuzuia maji. Praima ya kawaida ya kujazia mikwaruzo ina vitundu visivyoonekana na hunywa unyevu, kwa hiyo gari lililoachwa nje miezi mingi likiwa na rangi hiyo ya kijivu, likisubiri mwenyewe apate nafasi, linaota kutu chini yake, na kutu hiyo huonekana baada ya rangi ya mwisho kupigwa.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Picha kubwa ya makala ilimwonyesha mtu akipuliza rangi ya kuchanganywa na hadina akiwa amejifunga leso puani. Rangi hiyo ya poliuritheni hukomaa kwa msaada wa kemikali iitwayo isosayaneti, ambayo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini. Mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo sana huweza kuleta shambulio, na wengi walioathirika wamelazimika kuacha kazi. Leso haizuii chochote, wala barakoa ya vumbi. Na hata barakoa ya kichujio cha mkaa haitoshi, kwa sababu isosayaneti inadhuru kabla pua haijainusa, hivyo mvaaji hana namna ya kujua kwamba kichujio kimechoka. Gereji zinazoitumia kwa utaratibu huwa na chumba cha kupulizia chenye kuvuta hewa nje, na fundi huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Uani hakuna vitu hivyo, na mvuke hauchagui: unamfikia jirani pia.

Kwa gari la kale, bahati ni kwamba rangi hiyo si ya lazima. Kabla ya miaka ya 1920 rangi ya gari iliweza kuchukua wiki kadhaa kukauka. Ndiyo maana mwaka 1923 ulikuwa wa mapinduzi, pale gari la Oakland la kampuni ya General Motors lilipotoka na rangi ya selulosi iliyoitwa Duco, iliyokauka kwa muda mfupi mno na kuruhusu rangi nyingi kuchaguliwa. Selulosi hukauka kwa thina yake, yaani kimiminika cha kuiyeyushia, kuondoka tu, pasipo isosayaneti, na kila tabaka hulainisha lililotangulia na kushikamana nalo, kwa hiyo kosa la leo linaweza kusuguliwa na kurekebishwa kesho. Mng'ao wake ni mtulivu zaidi, nao ndio uliokuwa kwenye magari mengi ya enzi zile. Gari la mwaka 1950 lililopigwa poliuritheni, kwa macho yangu, linaonekana limechovywa kwenye plastiki. Hata Umoja wa Ulaya, uliobana rangi zenye thina nyingi kwa sheria ya mwaka 2004, uliacha mlango kwa nchi wanachama kutoa vibali vya kiasi kidogo kwa ajili ya magari ya kale.

Selulosi nayo si ya kuchezewa. Mvuke wa thina yake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na cheche ya swichi au mwali wa jiko katika chumba cha pili unatosha kuuwasha. Barakoa ya kichujio cha mkaa bado inahitajika, pamoja na hewa inayopita. Isipigwe juu ya rangi ya mafuta, kwa kuwa thina itaikunja. Jaribio ni kusugua pembe iliyofichika kwa kitambaa chenye thina, na rangi ikiyeyuka na kukichafua kitambaa, selulosi itaikubali. Siku yenye unyevu mwingi iachwe ipite, maana rangi hunasa maji hewani na kugeuka nyeupe kama maziwa, na kompresa isiyo na chujio la maji huleta balaa hilohilo kutoka ndani ya mpira. Kupuliza kwenyewe ni kushika bunduki ya kupulizia rangi sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, mkono ukianza kutembea kabla ya kubonyeza, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Kisha gari liachwe wiki kadhaa kabla ya kusuguliwa kwa msasa wa maji wa namba 1500 na 2000 na kung'arishwa, kwa sababu selulosi huendelea kunywea inapokauka, na anayewahi kuing'arisha huiona mikwaruzo ya chini ikijitokeza upya.

Ninachoomba ni kwamba mtakapochapisha tena picha ya gari lililofufuliwa nyumbani, mtaje aina ya rangi iliyotumika na kinga aliyovaa mpigaji wake, kwa herufi zilezile mnazotumia kutaja jina la gari.

Wenu,
Fundi mstaafu wa bodi na rangi