Nyumba nimeiona, naomba jibu kabla ya Ijumaa

Chicago, Jumapili jioni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanangu watatu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila miguu imechoka, maana wiki tatu hizi nimezunguka jiji hili kila nilipopata siku ya mapumziko. Nimeingia nyumba saba. Nne ndizo za kuzungumzia, na moja naomba iwe yenu. Lakini sitasaini mpaka mnijibu, kwa sababu watakaolala humo ni ninyi.

Nianze na hofu ya shemeji. Juzi kwenye simu alishusha sauti akaniuliza, "Shemeji, hiyo Chicago ya risasi ndiyo tunayoleta watoto?" Nilimjibu haraka haraka kwa kuwa nilikuwa naingia kazini, na tangu siku hiyo jibu lile limenikaa vibaya moyoni. Alistahili jibu la mtu aliyekaa chini.

Mwambie sitamficha. Mwaka 2021 waliouawa hapa walikaribia 800. Mwaka 2024 idadi ilishuka chini ya 600, na bado ni misiba mingi mno. Ila jiji hili lina watu wanaozidi milioni mbili na nusu, limegawanywa katika maeneo 77, na risasi hazilii kila mahali sawasawa. Kuna maeneo ambako mwaka unaisha bila mtu kuuawa. Kuna mengine, hasa upande wa magharibi na sehemu za kusini, ambako mama anahesabu watoto kila jioni. Na asidhani ni kwa sababu ya tabia ya watu wa huko. Miaka ya 1930 chombo cha serikali kuu kilichora ramani za miji, sehemu walizoishi Weusi zikapakwa rangi nyekundu, na benki zikazinyima mikopo ya nyumba. Mtaa ukinyimwa fedha miaka yote hiyo, maduka hufungwa, nyumba huoza, kazi huhama. Nimefanya kazi na watu waliokulia huko, na ni watu wa kuaminika kuliko wengi niliokutana nao.

Kwa hiyo nimeacha kuuliza kama Chicago ni salama. Nauliza kipande cha barabara kati ya njia panda mbili, pale hasa mlango ulipo. Polisi wa hapa huweka wazi kumbukumbu za matukio tangu mwaka 2001, na yeyote mwenye intaneti anazisoma bila malipo. Nilizisoma za miezi kumi na miwili kwa kila nyumba niliyoipenda. Ukizisoma, usihesabu tu wingi. Barabara yenye maduka itakuwa na wizi mwingi wa vitu vidogo, kwa sababu ina watu wengi. Mimi nilitafuta milio ya bunduki, uporaji wa mtu akiwa njiani, na saa ambazo mambo hayo yalitokea.

Kumbukumbu hizo lakini hazikuonyeshi kitu kimoja. Kazini kwangu, ninakotunza wazee, bado wanasimulia joto la Julai 1995. Zaidi ya watu 700 walikufa katika siku chache, wengi wao wazee waliokuwa peke yao ndani, madirisha yamefungwa. Kuna maeneo mawili yanayopakana, North Lawndale na Little Village, yote ya watu wenye kipato kidogo. North Lawndale vifo vilikuwa karibu mara kumi vikilinganishwa na idadi ya watu. Tofauti waliyoiona waliochunguza ni barabara zenyewe. Little Village kulikuwa na maduka wazi na watu wanaopita, mzee akiwa na sababu ya kutoka na mtu wa kumuulizia asipoonekana. Upande wa pili viwanja vilikuwa vitupu, maduka yamefungwa, wazee wakiogopa kutoka. Nilipoelewa kisa hicho nilianza kuangalia mitaa kwa macho mengine. Naangalia nani yuko nje. Kama bibi ameweka kiti mlangoni. Kama watoto wanatoka shule kwa miguu au wote wanachukuliwa kwa gari na barabara inabaki kimya.

Kila nyumba niliyoipenda nimeiendea mara tatu: asubuhi watu wakienda kazini, saa tisa alasiri shule zinapofungwa, na usiku nikitoka zamu. Na usiku nilitembea kwa miguu kutoka kituo cha treni hadi mlangoni, kwa sababu ndivyo shemeji atakavyotembea.

Haya nimejifunza kwa maumivu. Sikuwahi kukwambia habari ya nyumba yangu ya kwanza, sikutaka Mama ajue. Niliichukua kwa picha kabla sijafika. Tangazo liliiita nyumba ya bustani, kodi ndogo, nikaona nimepata bahati. Hapa nyumba ya bustani maana yake ni chini ya ardhi, dirisha liko usawa wa miguu ya wapita njia. Mifereji ya jiji hili hubeba maji ya mvua na ya choo pamoja, na mvua kubwa ikizidi nguvu ya mifereji, maji hupanda yakatokea ndani ya nyumba za chini. Yalitokea kwangu mara mbili. Mwenye nyumba alinionyesha kifungu cha mkataba nilichokuwa nimekisaini bila kukisoma. Mtaa wenyewe haukuwa mbaya, ila sikumjua hata mtu mmoja, na usiku ule nikiwa na ndoo sikujua mlango wa kugonga. Wewe hutaanzia hapo. Chini ya ardhi nimekataa hata kama ni bure.

Sasa nyumba zenyewe.

Ya kwanza iko South Shore, kusini, karibu na ziwa. Vyumba vitatu, sakafu ya mbao, dari ndefu, dola 1,350 kwa mwezi. Niliipenda sana, na ndani ya South Shore kuna mitaa ambayo ningehamia kesho. Ila kipande kile kilikuwa na nyumba mbili zilizozibwa kwa mbao, na kumbukumbu za usiku hazikunituliza. Halafu kutoka kwangu hadi kwenu ingekuwa safari ya kuvuka jiji zima. Ukiwa mgeni mwenye watoto watatu, dada aliye mbali hivyo hakusaidii saa nane za usiku mtoto akipandwa na homa.

Ya pili, Lincoln Square. Pazuri, tulivu, treni karibu. Dola 2,400 kwa vyumba viwili. Tuiache hapo.

Ya tatu na ya nne ndizo zilizonikosesha usingizi. Ya tatu iko West Ridge, karibu na barabara ya Devon, mtaa wa wahamiaji wa kila taifa. Ni nyumba ya ghorofa mbili, mwenyewe anaishi chini, ninyi mngeishi juu. Vyumba vitatu, dola 1,500. Mzee mwenye nyumba ni mpole, na watoto wangepata uwanja wa nyuma. Ya nne iko Rogers Park, mwisho wa jiji upande wa kaskazini, ghorofa ya tatu ya jengo la matofali la miaka ya 1920 linalozunguka ua. Vyumba viwili tu, dola 1,550. Ukiangalia hesabu hiyo peke yake utachagua West Ridge, na mimi wiki nzima nilikuwa nimeichagua.

Kilichonigeuza kwanza ni joto. West Ridge mpangaji analipa gesi ya kupasha nyumba, na Januari ya hapa bili hiyo inaweza kumeza akiba yote. Rogers Park joto limo ndani ya kodi. Na sheria ya jiji inamlazimu mwenye nyumba anayetoa joto kuhakikisha nyumba haishuki chini ya nyuzi 20 mchana na 19 usiku, kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni. Asipofanya hivyo, unapiga 311, namba ya huduma za jiji.

Cha pili ni risasi. Mmeniuliza wote kuhusu risasi ya bunduki. Hakuna aliyeniuliza kuhusu ile nyingine, madini ya risasi, nayo hapa imeingia katika miili ya watoto wengi kimyakimya. Hadi mwaka 1986 kanuni za Chicago zenyewe zilidai bomba linaloingiza maji kwenye nyumba ndogo liwe la madini hayo, na hakuna jiji Marekani lenye mabomba mengi ya aina hiyo kuliko hili, karibu laki nne. Madini yakiingia kwenye maji hayana ladha wala rangi, na yanadhuru ubongo wa mtoto mdogo. Mabomba haya yapo zaidi kwenye nyumba za familia moja au mbili, kama ile ya West Ridge. Majengo makubwa yanahitaji bomba nene, na bomba nene kwa kawaida si la madini hayo. Hata hivyo tutapima. Jiji linatoa vifaa vya kupimia maji bure kupitia 311, na nitaviomba siku ile ile nikikabidhiwa funguo. Rangi ya ukutani nayo: jengo lililojengwa kabla ya 1978 laweza kuwa na rangi yenye risasi, na mwenye nyumba anatakiwa na sheria ya nchi kueleza anachokijua kabla ya mkataba kusainiwa. Nimepitisha kidole kwenye kila kizingiti cha dirisha. Rangi haibanduki, lakini mwanetu wa mwisho bado anatia kila kitu mdomoni, kwa hiyo vizingiti tutavifuta kwa kitambaa chenye maji kila wiki.

Cha tatu, treni. West Ridge haina hata kituo kimoja cha treni za jiji. Rogers Park ina njia nyekundu, inayotembea saa 24, na kutoka kituo cha Morse hadi mlangoni ni dakika sita kwa mwendo wangu. Kazi za mwanzo za mgeni ni za zamu. Shemeji atatoka usiku wa manane siku moja, na basi la usiku kwenye theluji linachosha roho.

Kuhusu fedha, tukae wazi. Kima cha chini cha mshahara mjini hapa kilichowekwa Julai 2025 kilikuwa dola 16.60 kwa saa. Kwa kima hicho, mtu mmoja akifanya kazi saa 40 kwa wiki anapata kama dola 2,880 kwa mwezi kabla ya kodi ya serikali. Mkiwa na mshahara mmoja, nyumba hii inakula zaidi ya nusu. Mkiwa na miwili, inashuka hadi kama asilimia 27, na hapa husema ikizidi asilimia 30 familia imeanza kuelemewa. Kwa hiyo miezi ya mwanzo itauma. Nimetenga kodi ya miezi miwili kwa ajili yenu. Usinibishie, niliianza akiba hiyo siku mlipopata viza. Mwenye nyumba pia anataka mtu mwenye rekodi ya mikopo nchini, nanyi hamwezi kuwa nayo, hivyo nitasaini kama mdhamini. Shemeji asione haya, mimi mwenyewe nilidhaminiwa na mtu nisiyemjua hata ukoo wake.

Mkataba nimeusoma wote safari hii, kwa kalamu mkononi. Jengo hili linalindwa na sheria ya jiji ya wapangaji na wenye nyumba ya mwaka 1986, na muhtasari wake umeambatishwa kama inavyotakiwa. Ile ya West Ridge isingelindwa, kwa sababu sheria hiyo haigusi jengo la nyumba sita au pungufu ambamo mwenyewe anaishi. Mzee yule ni mwema leo, ila mkataba husomwa siku wema umekwisha. Hapa mwenye nyumba hawezi kuingia kwenu bila taarifa ya siku mbili, isipokuwa kwa dharura. Hachukui amana, anachukua ada ya kuhamia ya dola 500 isiyorudi. Sikuipenda, nikamwomba apunguze, akakataa kwa adabu.

Shule ya mtaa ni dakika nane kwa miguu. Nilisimama pale saa tisa. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alinisikia nikiongea nawe kwenye simu, akanisalimu kwa Kiswahili. Anaishi jengo la pili kutoka lile. Nimechukua namba yake. Ziwa liko upande wa pili, na ufukwe ni wa umma, hakuna kiingilio.

Mwenye nyumba amekubali kusubiri hadi Ijumaa, mkataba uanze 1 Mei. Zungumzeni leo mkishalaza watoto, kisha nipigie, hata kama kwangu ni usiku. Kama roho ya shemeji inavuta kwenye vyumba vitatu, aniambie, nitamsikiliza. Na anza kukusanya kadi za chanjo za watoto na vyeti vya shule, vyote halisi, si nakala, uviweke kwenye mkoba wa mkononi. Shule hapa hudai kadi za chanjo na cheti cha daktari.

Alhamisi nikitoka zamu nitapita tena pale, niwaangalizie taa za ngazi za nyuma. Mara ya mwisho moja ilikuwa haiwaki, na nimemwambia sisaini mpaka iwake.

Dada yako akupendaye,
mama mkubwa wa wanao