Kamba ya kitanda

Mwanangu Baraka,

Ulivyonipigia jana ukaniambia wewe na mkeo mmeshaona nyumba tisa na miguu imewaisha, nilikupa pole, lakini simu ilipokatika nilicheka peke yangu jikoni hadi machozi. Nilimkumbuka baba yako na kamba ya katani pale mtaa wa Umoja, Nairobi.

Ilikuwa 2004. Matatu ndio zilikuwa zimetoka kupakwa mstari wa manjano na kuwekwa mikanda, na sisi tulikuwa na mwezi mmoja wa ndoa, tukilala sebuleni kwa shangazi yako kule mtaa wa Kayole. Mali yetu ilikuwa kitanda cha mvule, futi tano kwa sita, alichotuchongea babu yako. Kilikuwa kizima, hakifunguki popote. Basi baba yako akachukua kamba, akapiga fundo palipoishia upana na jingine palipoishia urefu, na kila tulikoenda kuona nyumba tulienda nayo.

Siku hiyo tulikuwa kwenye ploti moja karibu na soko la Mutindwa, ghorofa ya tatu, kodi shilingi 3,500. Keateka, yule mtunzaji wa ploti, alitufungulia, akarudi kufua nguo zake. Baba yako akapima mlango, akapima chumba, akatoka kwenye korido, akashuka ngazi. Mimi nimeshika ncha moja na daftari, naandika. Yeye anaita kwa sauti, "Vuta! Hapa haipiti! Hapa itabidi kuvunja!"

Sasa kumbuka, miaka ile majengo yaliyokalia hifadhi ya barabara yalikuwa yakichorwa X nyekundu, kisha tingatinga linakuja. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alichungulia, akaona kamba, akaona daftari, akasikia "kuvunja". Hakuuliza kitu. Alianza kutoa viti. Jirani yake kuona viti, akabeba televisheni. Kijana mmoja akatoka amekumbatia sufuria, ugali bado unafuka moshi, akaniomba, "Madam, tupeeni hata mpaka kesho asubuhi." Nikapaza sauti, "Ni kitanda! Tunapima kitanda!" Nani wa kusikia? Hadi keateka alipokuja mbio, mikono imejaa povu la sabuni, akauliza nani ameleta watu wa barabara.

Baba yako alirudisha viti vya yule mama kimoja kimoja, akiomba msamaha kila ngazi. Yule mama naye akatupikia chai. Tulichukua nyumba ileile. Kitanda kweli hakikupita kwenye ngazi. Walewale waliokuwa wamehamisha vitu ndio waliokivuta kwa kamba hadi kwenye baraza letu juu, wakihesabu kwa pamoja. Na yule mama ni Mama Njeri, aliyekuogesha wiki yako ya kwanza duniani. Sikuwahi kukuambia tulivyojuana.

Mkienda Jumamosi, ulizeni wapangaji, si keateka, maji huja siku gani, na mfungue mfereji wenyewe. Hakikisheni mita ya umeme ya tokeni ni yenu peke yenu. Na tafadhali, baba, usimtumie mtu pesa kwa simu kabla hujaingia ndani ya hiyo nyumba.

Kamba bado ninayo kwenye droo, na mafundo yake. Niambie kitanda chenu ni futi ngapi.

Mama yako