Neema, usisaini kwanza

Moshi, Jumanne usiku

Mpendwa Neema,

Habari za Arusha? Watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mvua imegoma. Nisamehe kwa ukimya, nilikuwa Kilwa kwenye harusi ya mpwa wangu. Nimerudi Jumapili, hata mzigo sijautua, Mama Doreen akanifuata dukani akaniambia kaka zako wamepata mteja wa kihamba, shamba lenu la ukoo, na imebaki saini yako tu. Ni kweli?

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ngoja nikueleze nilichokiona huko, maana ndicho kinachonisumbua.

Harusi ilipoisha tulivuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Ni kijiji cha wavuvi, kuku wanapita, nyavu zimeanikwa, halafu ghafla unakutana na Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, baadhi ya kuba zake bado zimesimama. Husuni Kubwa, kwenye jumba la sultani, kuna birika la kuogea la pembe nane, na chini yake bahari. Yule msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule, na mimi nimeamini.

Sasa kisa chenyewe. Wanasema Ali bin Hassan, mwana wa sultani wa Shirazi, alipofika na jahazi lake alikuta kisiwa kina mwenyewe, mfalme wa bara. Akataka kukinunua. Mfalme akamwambia, nipe nguo za kukizunguka kisiwa chote. Ali akazitoa, mwenzake akazikusanya akahamia bara. Mimi ninayepima vitenge kila siku nilijaribu kukadiria ni doti ngapi, nikashindwa. Ni nguo nyingi mno, Neema. Yule mfalme hakupunjwa.

Lakini akajuta. Akapanga kurudi na watu wake akichukue kwa nguvu. Zamani hizo maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu, na Ali alilijua hilo, akakichimba kile kivuko mpaka kikawa mkondo. Mfalme akafika ufukweni akangoja maji yapwe kama siku zote. Hayakupwa. Akarudi alikotoka.

Kwenye boti tukirudi sikuongea na mtu. Nilikuwa namwona amesimama pale, anangoja. Halafu nafika Moshi, naambiwa habari ya kihamba!

Najua bei ni nzuri. Najua ada ya Joshua, najua na deni la matibabu ya baba. Sikulaumu hata kidogo. Ila baba mwenyewe amelala pale kwenye masale, mimea yetu ya makaburini, na bibi pembeni yake. Huyo mteja akishazungusha ukuta na kuweka geti, Desemba mtashuka wapi? Mtamwomba mlinzi awafungulie mkaweke maua? Mfongo, ule mfereji wa maji aliouchimba babu yako, kahawa, ile migomba tuliyojificha tukiwa wadogo... basi, naacha.

Zamu yangu ya upatu ni mwezi ujao. Ichukue wewe, ulipe ada, tutahesabiana baadaye. Nimeshazungumza na mume wangu, amekubali. Deni la matibabu tulikalie pamoja tuone litalipwaje kidogo kidogo. Ninachokuomba ni usisaini kabla hatujaonana.

Mama mdogo ameambiwa, au wanamficha? Hati iko kwa nani? Mteja ni wa kule kule kwetu au ametoka mbali? Wameshapokea malipo ya awali? Na kaka yako mdogo, yeye anayekaa pale, anasemaje, maana akiondoka atakwenda wapi? Unaweza kuja Jumamosi? Ukipanda basi la asubuhi tutapanda mlimani pamoja tukaongee nao, na mimi duka nitalifunga.

Nimekuletea mkeka kutoka Kisiwani. Siutumi kwa basi, njoo uuchukue mwenyewe.

Rafiki yako,
Anna