Barua kwa mwanangu Akinyi kuhusu idara yake

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Akinyi,

Imebidi nisikie kwa shangazi yako, si kwako, kwamba idara yenu ya Fasihi inatakiwa kufungwa, na kwamba barua ya kuipinga hatua hiyo mbele ya Seneti ya chuo kikuu chenu ina sahihi moja tu, yako. Nimeisoma mara mbili na Kiswahili chake kimenyooka. Lakini sahihi moja, mwanangu! Mwenye mkataba kama wako husahauliwa tu siku ya kuufanya upya, bila hata barua ya kumfukuza.

Umeandika kwamba fasihi hukuza utu. Ni kweli, ila kamati ya bajeti haina safu ya utu. Wahesabieni wanafunzi wa Ualimu, ambao husajiliwa katika kitivo cha Elimu ilhali somo lao la kufundisha wanalipata kwenu, ndiyo maana daftari la idara huonyesha majina machache huku ukumbi umejaa hadi madirishani. Hesabu hiyo iwe ukurasa wa kwanza, na chini yake wenzako wote watie sahihi, wa Historia na Isimu pia, kwani zamu yao haiko mbali.

Wakikutajia kwamba hata Nairobi kuliwahi kutakiwa idara ivunjwe, wasimulie yote. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza iondolewe ili mahali pake pawe na idara ya fasihi na lugha za Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi. Hawa wenu wataweka nini?

Nilipokuwa naibu wa mwalimu mkuu, niliketi katika kikao kilichoondoa Muziki kwenye ratiba kwa kuwa wanafunzi walikuwa sita. Mwalimu wa somo hilo alisimama peke yake, akazungumza vizuri sana, nasi tukamshukuru na kuendelea na ajenda ya maharagwe. Nyatiti ya shule ilibaki stoo hadi mchwa wakala mti wake, nyuzi nane zikalala vumbini. Kwa hiyo usinione msumbufu nikirudia habari ya sahihi.

Mama yako anasema pesa za mabati usitume mwezi huu, jiko litastahimili mvua. Ziweke mpaka ujue mkataba wako umefikia wapi. Kabla ya kikao cha Alhamisi nipigie, unisomee majina ya waliotia sahihi.

Baba yako