Trimarani yako ikikunjwa, isilale majini

Kusi inapopoa na watu kuanza kurudi baharini, karakana yetu ya Mtwapa hupokea malalamiko ya aina moja: trimarani, boti ya miili mitatu, iliyokuwa ikikimbia mwaka jana sasa nzito kama imefunga jiwe, na rangi ya matengo, vile vielea vya pembeni, imejaa malengelenge. Tukiuliza ilikuwa wapi miezi yote hiyo, jibu huwa lile lile. Ilikuwa kwenye mkono wa bahari, imefungwa kwenye boya, imekunjwa vizuri ili isichukue nafasi.

Hapo ndipo tatizo lilipo, na si uzembe wa mwenye boti. Hakuna aliyemweleza.

Aliyeijua ngalawa ameshaijua nusu ya trimarani: mtumbwi katikati, mirengu, yaani miti miwili inayopita juu yake, na tengo kila upande la kuuzuia usipinduke. Tofauti ni kwamba mirengu ya boti hizi ina bawaba. Mfumo unaotumika zaidi ulibuniwa na Ian Farrier, mzaliwa wa New Zealand, na ulipata umaarufu kupitia boti ya F-27 iliyotengenezwa California kuanzia miaka ya 1980. F-27 ina urefu wa mita 8 na kidogo. Ikifunguliwa, upana wake ni karibu mita 5.8, ikikunjwa inabaki kama mita 2.6, upana wa kupita barabarani ikiwa juu ya trela. Mtu mmoja anaweza kuikunja ikiwa bado inaelea. Sisi tunaona ni kazi ya akili kubwa sana, na kila tunapofungua bolti zake tunajifunza kitu.

Sasa tazama kinachotokea ikikunjwa. Ncha ya ndani ya mrengu hupanda juu, ya nje hushuka, na tengo huzunguka pamoja nayo hadi likalala ubavu. Sitaha yake, iliyokuwa ikitazama mbingu, sasa inatazama pembeni. Ubavu wake wa nje, ambao kwa kawaida huguswa na mawimbi tu, ndio unaozama.

Wazee wetu walipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, chini ya jahazi, pale panapokaa majini, na sifa, yaani mafuta ya samaki, juu yake. Hawakuchanganya, kwa sababu kila mahali pana adui wake. Boti ya faiba ni hivyo hivyo: rangi ya kuzuia viumbe vya bahari hupakwa chini, na ubavuni hupakwa rangi ya kung'aa isiyotengenezwa kukaa majini mchana na usiku. Ukiiacha boti imekunjwa kwenye boya, umezamisha sehemu ya sifa. Maji yetu ni ya moto. Ndani ya siku chache utaona utelezi wa kijani, na ndani ya wiki kadhaa magamba yanashika, na ukiyakwangua yanaondoka na rangi. Rangi nayo ikilowa muda mrefu huvimba. Kwa boti nyepesi ya mashindano, ubavu wenye mikwaruzo ni mwendo uliopotea kila tengo la upande wa demani, unakoelekea upepo, linapolala majini na kubeba uzito.

Kuna na jambo la usalama. Matengo yakiwa mbali, boti imesimama imara. Yakisogezwa ndani, ule upana uliokuwa unaishikilia umepungua zaidi ya nusu, na mlingoti bado uko juu. Upepo wa ghafla au wimbi la boti kubwa inayopita laweza kuilaza vibaya. Na vifuniko vya matengo, vikiwa karibu na maji namna ile, huanza kuvuja polepole bila mtu kujua. Tumewahi kufungua tengo tukakuta maji ya ndoo kadhaa.

(Wenye trimarani ya Dragonfly ya Denmark, hili la ubavu haliwahusu: mirengu yake huzungukia nyuma na tengo hubaki limesimama wima. La uimara linawahusu.)

Tunashauri hivi. Siku mbili tatu imekunjwa, si neno. Zaidi ya hapo, ifungue mabawa hata kama iko kwenye boya, ukague kwamba bolti nne za mirengu zimekazwa. Bolti iliyolegea hula tundu lake kidogo kidogo na utasikia mlio kabla hujaona ufa. Au uilaze kwenye mchanga safi usio na mawe kama wavuvi wanavyolaza ngalawa, ikiwa imefunguliwa, ubao wa katikati na usukani vimepandishwa. F-27 huelea kwenye maji ya sentimita 35 hivi, kwa hiyo haiogopi kupwa. Lakini mahali pake hasa ikiwa imekunjwa ni juu ya trela.

Huduma yetu ni hiyo: tunaitoa majini, tunaiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tunakausha matengo na kuyafunga upya vifuniko, tunapima bolti na bawaba, tunabandua malengelenge na kupaka rangi. Beringi za trela tunazitia grisi papo hapo, kwa sababu gurudumu lililotoka barabarani likiwa moto likatumbukizwa kwenye maji ya chumvi huyavuta ndani. Mlingoti tunaulaza kabla boti haijaondoka ufukweni. Nyaya za umeme za barabara ya kuja kwetu ziko chini, na kwa hilo hatumsikilizi mteja mwenye haraka.

Tupigie simu siku mbili kabla ili tupange na maji. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hapa kwetu hujaa alfajiri na tena jioni. Ile ya jioni ndiyo rahisi zaidi, ukiweza kuja mapema na trela.